Shajara ya labu: mikono mbali na kibodi

Kabla hatujaanza

Naiandika hii kwa sababu mkuu wa idara ataka maelezo ya maandishi muhula ukiisha, na nikingoja mpaka wakati huo ntakuwa nishasahau nusu ya mambo. Mradi wenyewe ni huu: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kompyuta hapa chuoni kwetu kisiwani Mombasa walikuwa wakipata lekcha, halafu waambiwa haya nendeni mkafanye mazoezi, labu iko wazi kutwa, mwenye kutaka aingie. Sasa wanaoingia ndo hao wa kuchaji simu na wa kuangalia mpira, na wale wawili watatu ambao hata usipowafunza watajua tu. Tunachojaribu muhula huu ni kuwapa saa mbili za labu ndani ya ratiba, kazi imeshaandaliwa, mimi nipo, wasaidizi wawili wa mwaka wa tatu wapo, na kila mtu afika, hakuna cha ntakuja baadaye.

Wazo si letu wala si la juzi. Mwaka 1989 huko Marekani kamati iliyoongozwa na Peter Denning iliitolea ACM, chama cha wataalamu wa kompyuta, ripoti kuhusu kompyuta kama taaluma, na moja ya mambo waliyoyasisitiza ni kuwa lekcha iende pamoja na labu zilizopangwa. Kisha mtaala wa 1991 wa ACM na wenzao wa IEEE, chama cha wahandisi, ukaja ukatenganisha vizuri: kuna labu ya wazi, mwanafunzi aenda kwa wakati wake na atoka kwa wakati wake, na kuna ile iliyofungwa, yenye saa maalum, kazi maalum na mtu wa kusimamia. Zaidi ya miaka thelathini imepita na sisi bado twaandika barua ya kuomba wasaidizi wawili walipwe nauli na chai, haya.

Mhadhiri wa somo hana imani sana na huu mpango. Yeye asema vijana wa saa hii wana YouTube, wana ChatGPT, kuwasimamia labu ni kuwalea kama watoto wa nasari. Sikubishana naye, nlimwambia tu atupe muhula mmoja.

Vifaa: kitabu cha stoo chasema kompyuta 24, zinazowaka ni 19. Hewa ya bahari haina huruma, ukifungua moja wakuta meno ya ramu, kile kipande cha kumbukumbu, yameshaanza kushika weusi na kutu. Dawa yake ni ile ile ya siku zote, raba ya penseli, wasugua taratibu mpaka yang'ae, wapuliza vumbi, warudisha. Tatu zikafufuka. Mbili zimekwenda na maji, hizo tumezifanya spea.

Tumeweka Thonny, ile programu ya kuandikia Python, lugha ya kompyuta tunayoifunza, iliyotoka chuo cha Tartu kule Estonia. Nimeipenda kwa sababu mbili: yaja na Python yake ndani, kwa hivyo naizungusha kwa flashi mashine baada ya mashine bila kutegemea intaneti ya hapa, na ina kitufe cha kwenda hatua kwa hatua ukaona kila variabo, yaani lile jina la kuhifadhia kitu, ina nini ndani saa hio hio. Mashine zetu za zamani zaibeba bila kulalamika.

Ratiba ni Jumanne na Alhamisi asubuhi. Ijumaa hatuigusi, mchana watu wako msikitini na asubuhi nusu yao akili ishatoka. Jioni nayo ni balaa kwa wanaovuka Likoni na wanaopanda matatu za Mtwapa.

Jumanne, siku ya kwanza

Kazi ilikuwa ndogo makusudi. Programu iulize nauli ya kwenda, iulize nauli ya kurudi, ijumlishe, itoe jibu. Kijana mmoja wa Changamwe akaingiza 50, akaingiza 70, skrini ikamwambia 5070. Akapiga ukelele, "Mwalimu, nauli imepanda!" labu nzima ikaangua kicheko, halafu kicheko kikakatika ghafla maana kila mmoja aligeukia skrini yake akaona naye ana 5070.

Sasa hili jambo la kwamba Python chochote unachokiandika kwenye input, yaani pale programu ikuulizapo, yakichukua kama maandishi mpaka wewe mwenyewe ukigeuze kuwa namba kwa int, mhadhiri alishalisema, slaidi ninayo, wao wenyewe wamelinakili kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Lakini daftari halikuwahi kumletea mtu nauli ya shilingi elfu tano. Sikuwapa jibu, nlimuuliza yule wa Changamwe, je ukichukua jina lako ukaweka alama ya kujumlisha ukalirudia jina lako, wapata nini? Akajaribu. Jina lake likatoka mara mbili limegandana. Akanyamaza kidogo, "aaah, kumbe yaziunganisha tu haizihesabu," na kabla sijaondoka alikuwa ashamgeukia jirani kumweleza, tena kwa maneno mazuri kuliko yangu.

Mwengine alikuwa na shida tofauti kabisa, Thonny yamwambia kuna herufi batili na yeye haoni batili iko wapi. Amekopi msimbo kutoka kwa grupu la WhatsApp la darasa. Alama za kunukuu zilikuja zimepinda, zile za mapambo, na Python yataka zile zilizonyooka. Kwa jicho tu ni vigumu kuziona, nlimwambia azifute azichape upya kwa mkono wake na ikakubali. Hili ni jambo la sekunde kumi ukiwa na mtu kando yako, lakini peke yako chumbani saa nne usiku ni jambo la kukufanya uamini hii kozi si yako.

Alhamisi

Hii nataka niiandike kwa urefu, maana kwangu ndo imebeba mradi wote.

Kuna dada mmoja wa Mtwapa, mpole, hakai mbele hakai nyuma, asainmenti zake zote hufika kwa wakati na ni sahihi. Kwa mhadhiri huyu hana shida. Leo nlikuwa nazunguka nikasimama nyuma yake kiasi cha yeye kutojua nipo. Ameandika mistari kama kumi na miwili, mizuri, imepangika. Akabonyeza kurun, yaani programu ifanye kazi, ikatoka nyekundu, yale maandishi ya kukuambia kuna kosa. Kwenye mstari wa tisa ameandika pirnt badala ya print, lile neno la kutoa jibu kwenye skrini, basi, ndo kosa lote. Yeye hakusoma. Alibonyeza Ctrl na A, akafuta yote, ukurasa mweupe, akaanza upya kutoka mstari wa kwanza.

Nikasubiri. Mara ya pili akasahau nukta mbili mwisho wa mstari wa if, ule wa sharti. Nyekundu. Akawa ataka kufuta yote tena.

Nikavuta kiti. Nikamuuliza, dada, nyumbani pia wafanya hivi? Akasema ndio, huwa naandika mpaka itokee bila nyekundu. Yani zile asainmenti sahihi alizokuwa akileta kila wiki huenda aliziandika tangu mwanzo mara nyingi tu, usiku, huku ile nyekundu akidhani ni kompyuta kumwambia yote ni takataka. Hakuna mahali kwenye karatasi aliyokabidhi ambapo jambo hilo laonekana. Ukiisahihisha wampa alama zote na wamwacha na tabia hio mpaka mwaka wa pili, ambapo programu zitakuwa za mistari mia mbili na hapo hatoweza tena kuanza upya.

Tulichofanya hakikuzidi dakika tano. Nikamwambia usifute, shuka chini kabisa, soma mstari wa mwisho wa hio nyekundu kwanza, halafu panda juu utafute namba ya mstari. Mstari wa mwisho ulisema aina ya kosa, wa juu yake ukasema liko wapi. Akasoma kwa sauti, polepole, "invalid… hapa… mstari wa sita," akaenda mstari wa sita, akaweka nukta mbili. Ikarun. Alinitazama kama mimi ndo nlikuwa nimeficha kitu.

Jioni nikamsimulia mhadhiri. Hakusema neno, aliuliza tu, "huyo wa Mtwapa?" nikasema huyo huyo.

Vibanio

Shida ya saa mbili za labu ni foleni. Wanafunzi wengi, sisi watatu, na wenye kuinua mikono ni wale wale kila siku, tena mara nyingi wana shida ndogo, na mwenye kuzama kweli amejikunyata anajifanya anaandika. Kuna watu wa Software Carpentry, mradi ulioanza 1998 wa kuwafunza wanasayansi kuandika programu, wao hutumia vikaratasi vya kunata vya rangi mbili juu ya laptopu, rangi moja niko sawa, nyengine nimekwama. Vikaratasi kwa joto letu na hii feni yetu vyapeperuka. Nikaenda Kongowea nikanunua vibanio vya nguo, vyekundu na vya kijani, wavibana juu ya skrini.

Faida ambayo sikuitegemea: mwanafunzi akishabana chekundu aendelea kujaribu wakati asubiri, mikono iko huru, na mara nyingi ukifika ashakibadilisha kuwa kijani mwenyewe. Mwenye kuinua mkono hawezi kuandika. Hasara: vibanio vyapotea. Kuna mtu hosteli ananing'iniza soksi kwa mali ya idara.

Kanuni ya mikono

Msaidizi mmoja, kijana mzuri sana na mwepesi, alikuwa akiitwa aja, ainama, "sogea kidogo," achapa tu-tu-tu, yarun, aenda. Wanafunzi wampenda mno. Nikapita nyuma yake nikiuliza kila aliyesaidiwa, shida ilikuwa nini? "Sijui, lakini imekubali."

Kwa hivyo tumeweka sheria na imebandikwa mlangoni: msaidizi hagusi kibodi wala maus. Aweza kuonyesha kwa kidole, aweza kuuliza, aweza kuchora kwenye karatasi. Mwenye kuchapa ni mwenye kiti. Swali la kwanza la msaidizi ni "ulitaka ifanye nini?" la pili ni "imefanya nini?" na la tatu halijahitajika mara nyingi, maana mtu akishajibu hayo mawili kwa mdomo wake huwa ashaona pengo liko wapi.

Mwanzoni walinuna. Msaidizi akaniambia, "mwalimu hii yachukua muda, mi naona kosa palepale na nanyamaza, ni mateso." Ni mateso kweli, hata mimi huweka mikono mfukoni maana yanitoka yenyewe. Wanafunzi nao wakasema tumekuwa wachoyo. Baada ya muda malalamiko yalipungua, sidhani ni kwa kutupenda, ni kwa vile ile kazi ya wiki iliyofuata ilihitaji kitu kile kile na wakakuta wanakijua.

Wiki ya giza

Stima ilipotea tukiwa ndiyo kwanza tumekaa. Jenereta ya chuo hulisha ofisi, labu haimo. Kwengine hapo wangekwenda zao, lakini nlikuwa na bahasha ya mistari niliyoiprinti na kuikata kwa mkasi, mstari mmoja kila kipande. Haya huitwa mafumbo ya Parsons, yalianzishwa na Dale Parsons na Patricia Haden huko New Zealand mwaka 2006: wampa mwanafunzi mistari sahihi ya programu iliyochanganywa, pamoja na michache ya uongo ya kumtega, naye aipange.

Kazi: programu ya kutoa namba za viti vya matatu ya abiria 14, kutoka kiti cha 1 mpaka cha 14. Ndani ya bahasha kulikuwa na vipande vitatu vya lupu, ule mstari wa kurudia jambo, vinavyofanana, kimoja kina range(14), kimoja range(1, 14), kimoja range(1, 15). Hapo Python isipoambiwa ianzie wapi yaanza na sifuri, na husimama kabla ya kuifikia namba ya mwisho. Tukafungua madirisha, wakakaa wannewanne mezani, na makelele yaliyotoka humo sijayasikia kwenye lekcha yoyote. Kikundi cha kwanza kiliweka range(14). Msaidizi, mikono nyuma, akawauliza kiti cha kwanza ni namba ngapi? Wakahesabu kwa vidole, sifuri. "Sasa kiti sifuri amekaa nani, dereva?" Kikundi cha dirishani kikashikilia range(1, 14) kwa ubishi wa hali ya juu mpaka dada mmoja akaanza kuviita viti kwa sauti, moja, mbili, tatu, akafika kumi na tatu akasimama, "huyu wa mwisho mumemwacha Mwembe Tayari."

Kitu chengine, kwenye karatasi ile nafasi ya kuingia ndani, ambayo kwenye Python ndo yaamua mstari uko ndani ya lupu au nje, walikuwa wakiipima kwa upana wa vidole viwili. Kipande kikisogea kidogo kwa upepo wakirudisha kwa makini. Kwenye skrini hawajawahi kuijali hio nafasi namna hio. Stima iliporudi nusu yao walisema subiri tumalize hii kwanza.

Wawili wawili

Mashine hazitoshi kwa hivyo kukaa wawili ilikuwa lazima, tukaona tuifanye kwa mpango. Mmoja ashika kibodi, mwenzake asoma kazi na kufikiri mbele, na kila robo saa nagonga meza wabadilishane. Chuo cha North Carolina State kiliijaribu hii kwenye labu zao za mwaka wa kwanza, Laurie Williams na wenzake wakaandika mapema miaka ya 2000 kwamba wanafunzi waliokaa wawili walimtegemea msimamizi kidogo zaidi, maana swali la kwanza hulimaliza wao kwa wao. Kwetu imekuwa hivyo hivyo, vibanio vyekundu vimepungua.

Lakini kugonga meza ndo kila kitu. Bila hivyo mwenye kasi hashuki kwenye kibodi na mwenzake awa abiria. Na kupanga nani akae na nani sikuwalazimisha, kuna mabinti wapendelea kukaa na mabinti wenzao na sioni kwa nini lupu ifunzwe kwa kumfanya mtu asiwe na raha. Ninachokataa ni bingwa kukaa na anayechechemea sana, hapo bingwa amaliza peke yake.

Simu

ChatGPT. Tangu Novemba 2022 ilipotoka hakuna asainmenti ya nyumbani ambayo waweza kuapa nayo, na kupiga marufuku ni kujidanganya. Utaratibu wetu: saa ya kwanza simu ziko kwenye mabegi, saa ya pili ruhusa, lakini nikikaa kando yako nikaweka kidole kwenye mstari wowote uniambie huo mstari ukiondolewa kitatokea nini. Halafu twauondoa, twarun, twaona. Kijana mmoja aliniletea programu imejaa vitu hatujavifunza, safi kama ya kampuni. Nikaweka kidole. Akacheka mwenyewe, "mwalimu wacha niirudie yangu mbovu."

Hapa sasa mhadhiri ndo aliyebadilika zaidi, bila kusema amebadilika. Alikuja akakaa nyuma dakika arubaini, kisha akaomba zile alama za asainmenti za nyumbani zihamishiwe labu. Sijakubali zote. Labu ikiwa na alama nyingi wataogopa kubana kibanio chekundu mbele yangu, na mimi bila vyekundu ni sawa na kuwa sipo. Tumeafikiana alama chache tu, za kufika na kueleza mstari mmoja, programu yenyewe ikubali isikubali.

CAT

CAT, yaani jaribio la katikati ya muhula, tuliifanyia kwenye mashine. Makosa ya kuandika, nukta mbili, mabano, nafasi, hayo wengi wayarekebisha wenyewe sasa, wasoma nyekundu kutoka chini kama walivyofunzwa. Walipokwama ni kwengine: swali lilikuwa hadithi ya muuzaji wa madafu anayepunguza bei mteja akichukua zaidi ya kumi, na wengi walikaa wakiangalia skrini tupu, hawajui waanzie wapi. Hilo nalo si la Mombasa peke yake. Kuna utafiti mashuhuri wa 2001, wa Michael McCracken na wenzake, waliwapima wanafunzi wa vyuo vya nchi mbalimbali waliomaliza masomo yao ya mwanzo ya programu, wastani ukatoka 22.89 kwa 110, na moja ya shida waliyoitaja ni hio hio, kuitoa kazi kwenye maelezo na kuigeuza hatua kabla hata ya kuandika.

Kwa hivyo kuanzia wiki ijayo dakika kumi na tano za mwanzo kompyuta zitazimwa. Karatasi na penseli, waandike hatua kwa Kiswahili cha kawaida, namna wangemwambia mdogo wao akauze yale madafu. Msaidizi apita, asoma, auliza "na akichukua kumi kamili?" Asiyeandika kitu hawashi mashine. Najua watanung'unika.

Iliyobaki

Kazi ijayo ni kusoma faili, nataka orodha ya bei za Marikiti waikusanye wenyewe na waiingize. Feni ya pili bado haijaletwa. Nauli za wasaidizi zimepita, chai haikupita. Mkuu wa idara ameuliza kama mwaka wa pili nao waweza kupata labu ya ratiba, nimemwambia kwa mashine 22 na watu watatu haiwezekani, anipe wasaidizi wengine wawili kwanza, na nimeambatisha orodha ya majina ya watakaofaa. Wa juu kwenye orodha ni yule dada wa Mtwapa, ijapokuwa yuko mwaka wa kwanza bado. Wiki iliyopita nlimwona anamfunza jirani yake kusoma nyekundu, amekaa juu ya mikono yake yote miwili ili asiguse kibodi.